Nimeenda hoteli ya pwani kupumzika, nimerudi nimechoka kuliko nilivyoondoka. Kwa nini?

#1 Zuu_Mpendae
Assalam alaikum wana jamvi. Nina swali na msinicheke. Jumapili mie na shoga zangu tumejitoa kimasomaso tukaenda hoteli moja ya mashariki huko, jina sitaji na msije faragha kuniuliza. Tumelipa ile ya kushinda mchana, bei ya mkaazi kwa kitambulisho, ndani yake mna chakula, bwawa, kitanda cha pwani na masaji. Tumefika saa nne asubuhi tukakuta bahari hakuna. Sisemi imechafuka, sisemi ina mawimbi, nasema HAKUNA, mchanga mtupu na majani na vigingi vya mwani, maji unayaona mstari wa buluu kulee kwenye mwamba. Tukasema haya, bahari ndo tuliyoifuata basi tuifuate, tukaenda kwa miguu mpaka magoti yanauma, tukapiga picha, tukarudi na jua la saa sita utosini, tukala bufee mpaka basi, ndo tukaingia spa. "Singo ya asili ya Zanzibar" imeandikwa kwenye karatasi. Af bwawani, af daladala ya 309 kurudi mjini tumesimama mpaka Jozani.

Usiku mwili wote unauma, kichwa kinagonga, usingizi hauji. Jumatatu nasinzia kazini mpaka bosi kaniuliza kama naumwa. Sasa wale wanaosema nimetoka spa nimerudi mwepesi, wao wanafanyaje? Au kupumzika nako kuna watu wake?

#2 Kokwa_la_Embe
Wewe hukwenda kupumzika, ulikwenda kwata. Pole lakini hahaha

#3 Fundi_Eyasi
Hakuna siri hapo. Maji ya kunywa. Tokea asubuhi mpaka unarudi ulikunywa kiasi gani?

#4 Zuu_Mpendae
Chupa ndogo moja na soda. Getini wametwambia vinywaji vya nje haviingii, na vya ndani chupa ya maji bei yake unanunua mchele wa siku mbili, tumetizamana tukaiweka menyu chini polepole.

#5 Fundi_Eyasi
Kesi imekwisha. Fungeni uzi.

#6 Nahodha_Mstaafu
Usifungwe kwanza. Mwanangu Zuu, hamna aliyekwambieni kuwa Jumapili ilikuwa mwezi 16 kwa kalenda ya Kiislamu? Hiyo ni bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Hapa kwetu bamvua ikisimama maji yanamaliza kukupwa kwenye saa nne asubuhi, yanamaliza kujaa kwenye saa kumi jioni, na usiku vilevile, saa nne yako mbali saa kumi yamejaa. Ndo mana siku hizo asubuhi utawaona kina mama wa mwani na wachokoa pweza wote wako pwani. Kila siku inayofuata maji yanachelewa saa nzima, mpaka ukifika mwezi 23 hivi mambo yamegeuka, ile saa nne ndo yanajaa, lakini hayo ni maji mafu, hayajai sana wala hayakupwi sana. Sasa nyinyi mmefika saa nne siku ya bamvua, mlitaka bahari ikungojeni? Mngelala nyumbani mkafika saa nane mngeikuta iko mlangoni.

Na jengine, msiwe mnakwenda mpaka mwambani bila ya mtu wa pale. Maji yakirudi hayaji kwa mbele tu ukayaona, yanapita mikondoni yanazunguka nyuma yako, ukigeuka ulipopita pakavu pashakuwa kiunoni.

#7 Mwalimu_Hesabu
Ami nahodha shikamoo. Si saa nzima, ni dakika 50 hivi. Zidisha kwa siku saba utaona kwa nini yanageuka karibu saa sita kamili, ungehesabu saa nzima yangezidi.

#8 Nahodha_Mstaafu
Marhaba. Dau haliondoki kwa dakika mwalimu, linaondoka maji yakiwepo.

#9 Mgeni_wa_Dar
Ndiyo maana mimi nikija Zenji naenda Nungwi na Kendwa tu. Kule maji hayatoki kabisa, saa yoyote unaingia.

#10 Kokwa_la_Embe
Yanatoka. Wewe ndo unakuwa umelala.

#11 Nahodha_Mstaafu
#9 bahari ni moja. Maji yakishuka Paje yameshuka na Nungwi, na bamvua ikiwa kubwa kutoka kujaa mpaka kukupwa ni karibu mita 4, kisiwa chote. Tofauti iko chini. Chukua ndoo na sinia, kote mna maji. Punguza vidole viwili kwenye ndoo, huoni kitu. Punguza vidole viwili kwenye sinia, limebaki tupu. Kendwa ni ndoo, hatua chache tu ushazama. Paje, Bwejuu, Jambiani ni sinia mpaka kwenye mwamba, na mwamba uko kilomita nzima au zaidi. Na hata hiyo Nungwi, zunguka upande wa pili wa mnara wa taa, kule kwa mashariki, uende bamvua uone kama hukutembea kwa miguu.

#12 PajeKwetu
Ya nahodha kweli lakini si yote. Mie nimezaliwa huku, mamaangu analima mwani tokea vishamba vya mwanzo mwanzo, mwani wa biashara umeanza 1989 na mbegu zimetoka Ufilipino. Anasema zamani mchanga ulikuwa juu, ngazi za leo hazikuwepo, unatoka uani unaingia pwani. Sasa mahoteli yamejenga kuta, wimbi likipiga ukuta linarudi na mchanga, pwani inashuka kila mwaka, kwa hiyo yakijaa hapabaki pa kuweka hata mkeka na yakikupwa panaonekana pakavu kuliko zamani. Kwa hiyo Zuu asiambiwe ni mwezi tu.

#13 Nahodha_Mstaafu
Ukuta unakula mchanga, hilo sikatai. Lakini ukuta hauipeleki bahari mwambani. Ilikuwa inakwenda mwambani kabla ya hoteli ya kwanza.

#14 PajeKwetu
Sikusema unaipeleka ami. Nimesema Zuu alichokiona si kile alichokiona babu yangu. Na maji yale yanayobaki kwenye madimbwi mchana jua linayachemsha, ukitia mguu unauona moto. Kuna mwani wa aina mbili, ule cottonii ndo wenye bei lakini hauvumilii joto, unaoza kambani, watu wengi huku wamebaki na spinosum, bei yake ndogo. Wale kina mama mliowapiga picha kwa mbali wako ndani ya maji hayo tokea asubuhi, wameinama, na hawana masaji jioni. Siwasemi kwa ubaya, nasema tu.

#15 Zuu_Mpendae
Hatukuwapiga picha bila ya ruhusa, mmoja tumesalimiana akatuonesha pa kukanyaga, kuna yale madude meusi yenye miba mirefu, shoga yangu nusura ayakanyage. Huyo mama kacheka akasema "mmekuja kupumzika huku?" Sikumjibu mana sikuwa na jibu.

#16 Mpemba_wa_Wete
Nyote mnahangaika. Njooni Pemba, Vumawimbi. Pwani nyeupe, msitu wa Ngezi nyuma yako, hukuti mtu anayekuuzia bangili, hukuti papasi wa kuganda watalii, hukuti muziki. Ukilala hapo dakika kumi umepona.

#17 Kokwa_la_Embe
Na spa iko wapi huko Vumawimbi? Unachuliwa na popo wa Ngezi?

#18 Mpemba_wa_Wete
Popo wetu wana heshima, na wako Pemba tu duniani kote, kwa hiyo usiwataje hovyo. Halafu hayo mafuta mnayopakwa kwenye spa zenu yanatoka wapi? Yanatoka Wawi, kiwanda cha makonyo, vile vikonyo vya karafuu, Chake. Makonyo, mchaichai, mrihani, yote yanatoka kwetu, nyinyi mnabandika lebo tu.

#19 Kokwa_la_Embe
Haya tumeshukuru. Boti ya kurudi ni lini?

#20 Binti_Kikwajuni
Hayo mafuta ya makonyo mie nina kisa nayo. Sehemu moja hapa hapa kisiwani, dada wa masaji kaniuliza "unataka ya karafuu?" nikasema ndio napenda harufu. Kumbe kapaka yale makali bila ya kuyachanganya na nazi. Mwanzo unasikia joto zuri, baadae mgongo unawaka, nimetoka pale nimevimba madoa mekundu, nimelala kifudifudi usiku kucha. Zuu angalia ngozi yako kama ina madoa, isije ikawa ndo hilo.

#21 Zuu_Mpendae
Sina madoa Alhamdulillah. Misuli tu na kichwa.

#22 Tiba_Asilia_Tz
Dada Zuu usiogope, hayo maumivu ni dalili nzuri. Masaji inazitoa sumu zilizojificha kwenye misuli, zikitoka ndio unaumwa siku mbili. Nina unga wa kusafisha damu, anayehitaji aje inbox.

#23 Nesi_wa_Zamu
Biashara ishaanza. Sumu hazikai kwenye misuli zikingoja mtu aje azikamue. Kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo, zinaifanya usiku na mchana na hazikulipishi. Misuli inauma baada ya kukandwa kwa sababu imebanwa kwa nguvu, hasa mtu ambaye hajazoea, kama unavyoumwa ukianza mazoezi.

Sasa Zuu, mie nikitizama siku yako naona hivi. Saa nne mpaka saa sita juani, umetembea kwenye mchanga laini na kwenye maji, hiyo peke yake ni kazi kubwa kuliko kutembea barabarani. Upepo wa pwani unakudanganya, jasho linakauka kabla hujaliona, unadhani hutoki jasho kumbe unatoka. Umekunywa kichupa. Bufee nzito. Unalazwa kifudifudi tumbo limejaa unabanwa mgongo. Unatoka unaingia bwawani, jua tena. Mie ningeshangaa kama ungerudi mzima. Kunywa maji, kama una chumvi ya ORS nyumbani koroga, na kichwa kikiendelea nenda kituoni, usikae na uzi.

#24 Tiba_Asilia_Tz
Madaktari wa kizungu hawakubali vya asili, tumezoea.

#25 Nesi_wa_Zamu
Mie mzaliwa wa Mkanyageni huyo mzungu simjui.

#26 Bi_Asumini
Wanangu salama. Mie nimesoma hapa nimeona neno singo nikaona nisipite kimya. Zuu mama, ulichofanyiwa si singo. Niambie, ilikuwaje?

#27 Zuu_Mpendae
Shikamoo bibi. Wamenipaka unga unga wa njano una maua makavu juu, wamesugua kidogo, wamefuta na taulo la moto, halafu mafuta ya nazi ndo wakaanza kunikanda kwa viwiko.

#28 Bi_Asumini
Marhaba. Haya. Singo ni maua, si unga wa pakti. Mawaridi, asumini, langilangi, mpachori, liwa, karafuu kidogo, marashi, kila nyumba ina mkono wake na hatuambiani. Inatwangwa, inachanganywa, inavundikwa mpaka harufu zishikane. Halafu bi harusi anasingwa na somo wake, yule kungwi wake, mwili mzima, taratibu, inatoka nongo mpaka ngozi inang'aa, na si siku moja, anakuwa ndani siku nyingi kabla ya harusi, hapigwi jua, hafanyi kazi, anakula vizuri, anafukizwa udi. Hapo utamwona ngozi na harufu yake hata akipita ukumbini unajua. Wewe umetoka juani umesuguliwa muda wa kipindi cha taarifa ya habari, halafu ukarudi juani. Singo na jua wapi na wapi! Ngozi iliyosuguliwa ukiipeleka juani unaiunguza.

Na viwiko havimo kwenye singo hata siku moja. Kusinga ni mbali na kukanda ni mbali. Kukanda ni kwa mzazi na kwa mgonjwa wa mgongo.

#29 Binti_Kikwajuni
Bibi Asumini unauza? Nna harusi mwezi wa Shaaban

#30 Bi_Asumini
Njoo faragha mwanangu.

#31 Msomi_Mchovu
Mnaongea kama spa imeletwa na watalii. Zanzibar ilikuwa na spa kabla ya hizo hoteli zote, Hamamni pale Mji Mkongwe, kajenga Seyyid Said, watu wanaenda kukoga kwa mvuke na kuchuliwa.

#32 Mwalimu_Hesabu
Hamamni ni Sultan Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888. Seyyid Said alikuwa keshafariki 1856. Yeye Said ndo ana ile ya Kidichi, 1850, kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Zote mbili wanaziita za Kiajemi ndo mana watu wanazichanganya. Lakini hoja yako imesimama, Hamamni ilikuwa ya watu wote wenye kulipa, haikuwa ya kasri.

#33 Msomi_Mchovu
Haya Mwalimu wa Hesabu umeingia na Historia, mshahara mmoja.

#34 Mgeni_wa_Dar
Hiyo Hamamni bado inafanya kazi? Nije na mke wangu.

#35 Mwalimu_Hesabu
Unaingia unatizama kuta, kuna mashimo ya mwanga juu darini, mazuri sana. Maji hakuna.

#36 Kokwa_la_Embe
Kwa hiyo na huko maji yashakupwa.

#37 Ustadh_wa_Mtaa
Nimesoma sababu zote hakuna aliyegusa kubwa. Wasichana watatu wamejitia marashi wanakwenda pwani tupu saa sita mchana, wakati ambao wazee wetu walitukataza hata kupita chini ya mbuyu. Kichwa kinagonga, usingizi hauji. Mnataka dalili gani nyengine? Asomewe tu.

#38 Nesi_wa_Zamu
Asomewe na anywe maji. Vyote viwili havigombani.

#39 Kokwa_la_Embe
Ustadh jini gani huyo anakaa hoteli ya nyota nne, analipia na nani?

#40 Ustadh_wa_Mtaa
Cheka tu. Kabla ya hoteli pale palikuwa pa nani?

#41 PajeKwetu
Palikuwa pa bibi yangu.

#42 Mikono_Miwili
Nimekuwa nasoma kimya ila nimeshindwa. Mie nafanya kazi spa, hoteli gani msiniulize. Naomba niseme upande wetu.

Kwanza masaji ngumu. Mgeni akilala namuuliza, ya nguvu, ya kati au laini? Wageni wa kwetu, wakaazi, wengi wanasema ya nguvu, na ukiwafanyia laini wanalalamika risepsheni kuwa wamepapaswa tu pesa zao zimeliwa. Sasa nikikaza wanaumia hawasemi, wanajikaza na wao, na misuli ikijikaza mie inanibidi niongeze nguvu, tunashindana. Mzungu ukimuumiza kidogo anakwambia hapo hapo. Sisi tunaona haya, tunakaa kimya mpaka nyumbani tunakuja kuandika uzi. Zuu sikusemi lakini nakusema.

Pili simu. Watu wanachuliwa huku wanajibu wasapu. Unamkanda bega, bega linapanda kwa sababu ya ujumbe.

Tatu chakula. Tunawaambia wasile kwanza, wanasema bufee inafungwa saa tisa, itatupita. Kweli inafungwa. Ratiba ya hoteli haikupangwa na mtu anayejua tumbo.

Hiyo singo bibi Asumini kasema kweli, mie mwenyewe nimesingwa na somo wangu naijua, lakini muda ninaopewa kwa mgeni mmoja ni mfupi na maua ya kweli ya asumini ni ghali na yanakufa siku moja. Tunafanya kwa kile tulichopewa. Na ukiniuliza mie na hiyo mikono yangu nani anaichua jioni, sina jibu, narudi nyumbani natia maji ya moto kwenye beseni nachovya viganja.

#43 Zuu_Mpendae
Dada Mikono umenipata kwenye ile ya kukaza. Kaniuliza kweli, nikasema ya nguvu, na ilikuwa inauma na nimenyamaza. Simu sikushika lakini. Ya shoga yangu ndo ilikuwa inalia kila saa.

#44 Bi_Asumini
Mikono, wewe wa wapi mwanangu? Asumini nnayo uani, tuonane.

#45 Mchumi_Daraja_la_Pili
Mimi naona tatizo si maji wala jini wala viwiko. Tatizo ni malipo ya kushinda. Ukishalipa pesa moja kwa kila kitu unataka kila kitu, bwawa ulitumie, kitanda ukilalie, bufee uirudie mara tatu, pwani ufike mwisho, hakuna saa uliyokaa bila kufanya kitu kwa sababu saa hiyo umeilipia. Mtu akienda kukaa barazani kwa shangazi yake Makunduchi bure anapumzika kweli kwa sababu hana cha kurejesha.

#46 Binti_Kikwajuni
Barazani kwa shangazi Makunduchi utaosha vyombo wewe na kuku utachinja, wapi kupumzika huko.

#47 Mchumi_Daraja_la_Pili
Kwa mwanamme anapumzika.

#48 Binti_Kikwajuni
AHAA sasa tumefika

#49 Mama_wa_Watatu
Hapo hapo dada. Mie siku niliyokwenda hotelini na watoto nilirudi hoi, nimelinda watoto bwawani mchana kutwa huku baba yao kalala kitandani kajifunika kofia usoni. Yeye karudi anasema "leo tumepumzika." Tume?

Na kuna hili la bwawa jamani. Mie nilizuiwa kuingia na dera, wanasema vazi la kuogelea tu, usafi wa maji. Nimekwenda kununua ile suti ya kuogelea ya kujisitiri ndo nikaruhusiwa, na bado mlinzi kanitizama juu mpaka chini. Wenzangu mkienda ulizeni kwanza kwa simu, na ulizeni pia kama kuna mwanamke wa kukuchua, si kila sehemu yuko siku zote.

#50 Mgeni_wa_Dar
Na sisi wanaume je, tunaruhusiwa kusema tunataka mwanamme atuchue? Niliona aibu nikakaa kimya nikachuliwa na dada nimekakamaa kama ubao, nilirudi na shingo imepinda.

#51 Mikono_Miwili
Mnaruhusiwa. Semeni. Mkisema mapema mnatupangia sisi kazi nyepesi.

#52 Mpemba_wa_Wete
Vumawimbi hakuna mtu wa kukuona umekakamaa. Narudia tu.

#53 Fundi_Eyasi
Wanauzi mie nilisema fungeni #5. Sasa mko 53 na jibu ni lile lile, maji.

#54 Nahodha_Mstaafu
Maji ndio, lakini ya bahari.

#55 Mwalimu_Hesabu
Kwa Zuu na wengine, kama mnapanga tena. Kalenda ya Kiislamu inatosha, huna haja ya programu ya simu. Mwezi 1 mpaka 4 hivi, na 15 mpaka 18, mashariki nendeni mchana, bahari inakuja na nyinyi, mpaka saa kumi mnaogelea mnarudi. Mwezi 8, 9 na 22, 23 nendeni asubuhi, maji mafu, mnaogelea kabla ya jua kali, mnachuliwa kabla ya kula, mnakula, mnalala. Na kama mna hamu ya ule mkahawa wa juu ya jiwe Pingwe, maji yakikupwa mnaufikia kwa miguu, yakijaa mnavushwa kwa chombo.

#56 PajeKwetu
Na mwezi Juni mpaka Septemba upepo wa kusi unaleta majani pwani ya huku, yanalala chunguchungu yananuka, msije mkasema hoteli haifagii. Wanafagia, yanarudi. Huo upepo vijana wa kaiti wanaupenda, wewe wa kulala kitandani utakula mchanga.

#57 Nahodha_Mstaafu
Kusi likiwa kali nendeni upande wa magharibi, kaskazi likivuma njooni mashariki mna mwamba wa kukukingeni. Ah, kaskazi nalo linapiga mashariki, inategemea pwani imeangalia wapi. Michamvi Kae imeangalia machweo, pale panatulia wakati wenzao wa upande wa pili wanapeperushwa makuti.

#58 Msomi_Mchovu
Kwa hiyo ili mtu apumzike anahitaji kalenda ya Hijria, ramani ya upepo, vazi maalum, simu ya kuulizia mchuaji na chupa ya maji ya kuificha kwenye mkoba. Mie nabaki nyumbani.

#59 Mchumi_Daraja_la_Pili
Nyumbani kwenye jenereta la jirani?

#60 Msomi_Mchovu
Hilo nimelizoea, silisikii tena.

#61 Zuu_Mpendae
Ahsanteni nyote. Nimekunywa maji, kichwa kimepungua. Mama kasikia habari ya Ustadh akanisomea na yeye, kwa hiyo sijui kilichoponyesha ni kipi. Shoga zangu wanataka turudi mwezi 23. Mmoja anasema asubuhi mapema, mmoja anasema hawezi kuamka siku ya mapumziko. Gari ya kwanza ya 309 inaondoka saa ngapi?

#62 PajeKwetu
Ikijaa.

#63 Kokwa_la_Embe
Bahari au gari?

#64 Ustadh_wa_Mtaa
Na marashi msijitie.

#65 Bi_Asumini
Marashi wajitie lakini warudi kabla ya magharibi. Binti Kikwajuni nimekuandikia faragha tokea jana hujajibu, mawaridi yanataka kuagizwa mapema.

#66 Mpemba_wa_Wete
Mawaridi yapo Pemba pia